Kaburi la Baba Tuliyemtunga

Mpendwa Bi Mwanaupe,

Shikamoo. Mimi ni mama wa huku Kiabakari, shule niliishia darasa la nne kwa hiyo mwandiko wangu utauvumilia. Safu yako naijua kwa sababu mwanangu Mniko alikuwaga ananisomea tukiwa tunachambua mboga, tunacheka mpaka machozi na mambo ya watu, sikujua itafika siku ya kwangu. Sasa yeye yuko bwenini, kidato cha kwanza hapo Musoma, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.

Naomba unisaidie upesi kwa sababu zimebaki siku kumi na mbili. Shule zikifungwa mwanangu anasafiri kwenda Bukoba, kwenye yale makaburi ya mashujaa ya Kaboya, kutafuta kaburi la baba yake aliyekufa vita vya Uganda. Na huyo baba, Bi Mwanaupe, hakufa vitani, hakwenda vitani, hakuzaliwa kabisa. Tulimtunga sisi wenyewe, mimi na marehemu bibi yake, hapa jikoni kwetu.

Nianze mwanzo. Mimi niliolewa na mwanamke. Wasomaji wa mbali wasishtuke, kwetu Wakurya iko ndoa inaitwa nyumba ntobu, mama akiwa na ng'ombe zake na Mungu hakumpa mtoto wa kiume, anatoa mahari anachukua binti ili nyumba yake isifungwe, na huyo binti anakuwa kama mkwe wake, mke wa mtoto wa kiume ambaye hayupo, na watoto atakaozaa ni wa nyumba ile, na mwanaume aliyewaleta hana la kudai. Hakuna mambo mengine wanayofikiriaga watu. Ni mkwe na mama mkwe tu, sema pale katikati panapokaaga mume pako wazi.

Aliyenioa aliitwa Nyangi, mimi nikimwita Mama. Mwaka 1977 nilikuwa na miaka kumi na saba, nikaenda kwake huko upande wa Bunda nikilia njia nzima kwa sababu dada zangu waliniambia nitakuwa punda wa kizee, nikafika nikakuta maji ya moto yamewekwa nyuma ya nyumba na kipande cha sabuni kimefunikwa na jani ili kuku wasidonoe. Akaniambia, "Oga taratibu, mwanangu, huku hakuna mwanaume wa kukuharakisha." Nikacheka huku nalia.

Miaka ile ya shida wewe unaikumbuka, sabuni ilipotea tukawa tunafulia majani ya mpapai, kanga nzuri ni moja tunapokezana, yeye akitoka mimi nabaki ndani, sukari inagawiwa kwa balozi wa nyumba kumi na nyumba yetu kwa kuwa haina mwanaume balozi alikuwaga anairuka. Mama anachukua kiko chake anaenda anakaa mlangoni kwa balozi anavuta tu, hasemi neno, moshi unaingia ndani mpaka mke wa balozi anapiga kelele, "Mpeni huyu mzee sukari yake aondoke!" Anarudi ameificha kwenye kitenge anacheka kama msichana. Siku hizi za ruksa, biashara imefunguliwa, sukari imejaa madukani na mitumba inaning'inia kila mahali, lakini mimi sijacheka tena namna ile.

Alipoona mwaka umepita sina mtoto akaniambia nichague mtu mwenyewe, "ila awe na meno mazima na asiwe mlevi." Nikamchagua Bernado, kijana wa Kijita aliyekuwaga anakuja na baiskeli kutoka ziwani na gunia la furu wakavu, wale samaki wadogo, anabadilisha na ulezi. Alikuwa mpole, anaimba akipanda kilima. Mimba ilipoingia yeye akawa amehamia visiwani kufuata samaki, mimi sikumtafuta na yeye hakuuliza, ndivyo ilivyotakiwa. Mniko akazaliwa mwaka 1979, Mama akampokea kwa mikono yake mwenyewe, akamnyanyua akamwambia, "Umefika, mwenye nyumba."

Mwaka 83 wezi wa ng'ombe walituacha na fimbo tu mkononi, tukahamia hapa Kiabakari kwa watu wasiojua habari zetu. Mniko alipoanza darasa la kwanza mwalimu akawa anaandikisha majina ya baba, yeye akakosa la kutaja, watoto wakamcheka, "Kwenu wanawake watupu, kuku nani anachinja?" Akarudi analia hataki shule. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Mama akatoa kiko mdomoni akasema taratibu kabisa, "Wewe baba yako ni Magige, mtoto wangu wa tumboni. Alienda Uganda na jeshi, hakurudi. Kesho mwambie mwalimu aandike Magige." Mtoto akanyamaza palepale. Akauliza, "Alikuwa mrefu?" Mama akasema, "Akiingia humu anainama."

Hapo ndipo tulipoingia kwenye uongo huu, maana mtoto hakuchoka kuuliza na Mama hakuchoka kujibu. Magige alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Magige hapendi kuitwa mara mbili. Magige akirudi na ng'ombe anapiga mluzi kuanzia mtoni ili tupakue chakula. Tukipika furu Mama anatenga mmoja mkubwa pembeni, "huyu wa Magige," halafu anageuka anampa Mniko, "haya, kula kwa niaba yake." Ikawa mtoto akifanya ujinga anaambiwa Magige asingekubali, akifanya vizuri anaambiwa hiyo ndiyo damu ya Magige. Hata siku katekista anaandika cheti cha ubatizo Mama alitaja jina la Magige akaongeza marehemu, akajifuta macho, na alikuwa analia kweli.

Na mimi si kwamba nilikaa kimya. Siku moja Mniko aliniuliza, "Mama, baba alikuambia nini siku anaondoka?" Nikaangalia yale madaftari yake, nikasema, "Aliniambia mtoto akizaliwa, asome." Basi. Toka siku ile hajawahi kukosa shule, akiwa na homa anaenda, koroboi ikikosa mafuta anasomea nje kabla jua halijazama, na shuleni kwao walichaguliwa wawili tu kwenda sekondari, mmoja ni yeye. Amesoma kwa ajili ya neno la mtu ambaye hakulisema.

Naomba usinicheke kwa hili. Mimi mwenyewe nilimpenda Magige. Mvua ikikatika jioni nilikuwaga nasikilizia mluzi kule mtoni, najua hakuna mtu, lakini nasikilizia. Wenzangu kisimani wanaonyeshana alama za vipigo, mimi nilikuwa na mume ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono.

Mama Nyangi alifariki mwaka jana wakati wa masika. Siku zake za mwisho akawa anauliza, "Magige amefika?" Nikawa namwambia, "Yuko njiani, Mama." Ningemwambia nini?

Sasa Bernado amerudi. Ana mitumbwi yenye mashine, anapeleka sangara kiwandani Musoma, kwake amezaa mabinti watano. Alinikuta gulioni akaniambia, "Mama Mniko, yule kijana ni wangu." Nikamwambia, "Wako tangu lini? Ng'ombe ulitoa wewe?" Akasema, "Mwangalie masikio." Nikamwambia masikio hata mbuzi anayo. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akaniita jina langu la usichana, "Robi, mzazi ni mimi. Damu haibadilishwi na bibi kizee na kiko chake." Niliacha hata mboga zangu pale nikaondoka.

Kumbe alishaenda shuleni. Mniko alipokuja likizo ya Pasaka alishuka kwenye basi anakimbia, "Mama, nimempata mtu aliyemjua baba! Ameniletea mkate na soda, anaitwa Mzee Bernado!" Bernado alipomwona mtoto uso kwa uso alikosa ujasiri akasema ni rafiki wa baba yake. Mtoto akamuuliza kama kweli baba alikuwa anatumia kushoto, Bernado akasema ndiyo, tena sana. Sasa tumekuwa waongo watatu. Lakini amenitumia ujumbe kwamba hawezi kuendelea hivyo, mwezi huu ukiisha anamwambia mwenyewe, na anataka fomu za shule zibadilishwe jina.

Tena aliyejitolea kumpeleka Mniko Kaboya ni Afande Florian, askari mstaafu, Mhaya, ana duka hapa kituoni na kwao ni hukohuko. Juzi aliniita kando akasema, "Mama Mniko, nimewauliza wenzangu wa kikosi, hilo jina hawalijui. Lakini nitampeleka, tutaangalia jiwe moja moja." Ananionea huruma. Anafikiri jeshi limempoteza mume wangu, na mimi nikaitikia tu, "Asante, Afande."

Bi Mwanaupe, mzazi hapa ni nani? Ni Bernado ambaye ni damu yake, au Mama Nyangi aliyetoa ng'ombe na akalea, au Magige aliyemfanya asome? Nikisema kweli namuua baba yake, na bibi yake namfanya mwongo akiwa kaburini, na naogopa ataacha shule. Nikinyamaza atazunguka kwenye yale mawe mpaka achoke. Chakula hakinipiti. Nifanye nini?

Mimi mwenye mashaka,
Mama Mniko, Kiabakari.


JIBU LA BI MWANAUPE

Mama Mniko, pole. Nimeisoma barua yako mara tatu na mara zote nimelia pale pale, kwenye yule mzee anayeuliza kama Magige amefika. Sasa futa machozi, nikugombeze kidogo.

Umeandika siri yako kwenye safu ambayo mwanao anaisoma! Eti yuko bwenini Musoma. Gazeti hili unadhani linauzwa wapi, mama? Ningekujibu kwa bahasha, lakini hukuandika sanduku la posta, na kondakta wa basi aliyetuletea barua hata sura yako haikumbuki. Kunyamaza nisingeweza, maana siku zinakwisha. Majina nimeyabadilisha yote, lakini mtoto mwenye akili kama huyo hahitaji jina. Akifika kwenye mluzi wa mtoni atajua anasoma habari za kwao. Huko Kiabakari gazeti linashushwa na basi la Jumamosi asubuhi, na mabwenini linafika Jumapili baada ya misa. Kwa hiyo zile siku kumi na mbili zisahau. Unayo siku moja.

Kuhusu ndoa yako, mimi ni mwanamke wa Kiislamu wa Musoma mjini, kwetu hiyo haipo na sitajifanya naijua kukuzidi. Ninachojua ni kwamba nimeona nyumba iliyolea mtoto vizuri kuliko nyumba nyingi zenye bwana anayekohoa sebuleni. Usiisimulie kwa mwanao kama mtu anayetubu. Msimulie ilivyokuwa: bibi yako alitaka nyumba yake iendelee, akanichagua mimi, nikakupata wewe.

Wala usimwite Nyangi mwongo, na usimruhusu mtu amwite hivyo. Desturi yenu yenyewe ilishamweka pale mtoto wa kiume asiyekuwepo. Yeye alimpa jina na urefu ili mjukuu wake anyamaze. Kosa ni kumvika gwanda la jeshi. Kule Kaboya wamelala watu kweli, waliozaliwa na mama zao na wakaliliwa. Mtoto wako asiende kutafuta hadithi ya jikoni kwenu katikati ya wafu wa watu. Unajua kitakachotokea? Hatalikuta jina, na hatasema "kumbe hakuwepo." Atasema serikali imemtupa baba yangu bila hata jiwe, na atamtafuta mpaka awe mzee mwenye mvi. Afande Florian naye ni mtu mwema, anajiandaa kukagua mawe kwa ajili yenu, na wewe unamwitikia "asante." Kamwambie ukweli. Atakasirika. Acha akasirike.

Sasa Bernado. Hapa wewe na yeye wote mnakosea. Wewe unataka kumfuta, na hafutiki. Mtoto ana masikio yake, ana damu yake, ana dada watano ambao hawajui kama ni dada. Musoma ni mji mdogo, Mama Mniko. Huyu kijana ana miaka kumi na tano. Umewahi kufikiria kwamba siku moja anaweza kukuletea mchumba nyumbani, na mchumba huyo akawa binti wa Bernado? Hiyo peke yake ingetosha kukufungua mdomo. Mtoto ana haki ya kumjua aliyemzaa, aliyemzaa awe mwema au awe kibaka.

Lakini kujulikana na kumiliki ni vitu viwili. Bernado alijua taratibu alipokuja na gunia lake la furu, akazikubali, akaondoka na baiskeli yake miaka kumi na tano. Homa hakuiuguza, koroboi hakuijaza mafuta. Soda moja na mkate haviwezi kununua jina kwenye fomu. Mpelekee ujumbe hivi: akitaka aje nyumbani kwako mchana, akae kwenye kigoda kama wageni wengine, amwambie kijana "mimi ndiye niliyekuzaa, na siku ile shuleni niliogopa nikakudanganya." Amwombe radhi, kisha angoje kijana mwenyewe aamue kama anataka kumzoea. Fomu zibaki zilivyo. Mniko ni wa nyumba ya Nyangi, na jina la Magige ni la nyumba hiyo. Siku akiwa mtu mzima akitaka lingine, atabadilisha kwa mkono wake mwenyewe.

Nimalizie na lile lililoniudhi kuliko yote. Umeniuliza mzazi ni nani. Umenitajia Bernado, umenitajia Nyangi, umenitajia hadi mtu asiyekuwepo, halafu ukaweka alama ya kuuliza. Wewe uko wapi, Mama Mniko? Nani alibeba mimba hiyo? Nani alipasuliwa na uchungu huo? Barua nzima umeandika wewe na humo ndani umejisahau, kama yule balozi aliyekuwa anairuka nyumba yenu. Unasema mtoto amesoma kwa ajili ya neno la mtu ambaye hakulisema. Neno lilisemwa! Ulilisema wewe, mwanamke wa darasa la nne, ukiangalia madaftari usiyoweza kuyasoma yote. Na unaogopa kwamba akijua ni la mama yake ataacha shule? Mimi naamini kinyume, ila hata akiyumba muhula mmoja, usitishike. Amefiwa, mwache alie msiba wake. Maana huo ni msiba, hata kama hakuna maiti, na mimi nakupa pole wewe pia kwa mume wako.

Haya, simama. Jumamosi hii hii ukishasoma hapa, usingoje mashauriano na majirani. Panda basi linalofuata la kuja Musoma. Shuleni usimtafute mtoto kwanza, mwone mwalimu wa zamu, mwombe ruhusa ya kukaa na mwanao kwa shughuli ya nyumbani, hahitaji kujua zaidi. Mtoe Mniko nje ya uzio, mahali ambapo wenzake hawatamwona akilia. Usianze na Bernado. Anza na Bibi, anza na maji ya moto na sabuni chini ya jani, uje taratibu mpaka kwenye yule mtoto wa kiume asiyekuwepo. Usimwambie "tulikudanganya kwa faida yako," watoto hawapendi sentensi hiyo. Mwambie "tulikudanganya," weka nukta, nyamaza.

Atakasirika. Pengine atakuambia neno baya, pengine atakuacha hapo arudi bwenini bila kukuaga. Usimkimbilie, na usipande basi la jioni kurudi Kiabakari. Tafuta pa kulala mjini, na Jumapili saa mbili asubuhi uwe pale getini umekaa. Atakuja na maswali, na safari hii umjibu hata kwa "sijui," ilimradi usitunge.